Mafiga ya Aikande Bwawani

Marehemu mzee Sifael alikuwa fundi wa mahori ya kulishia ng'ombe, na katika maisha yake yote hakupigilia msumari hata mmoja kwenye kazi yake. Huku juu Siha, Sanya Juu na vijiji vyake, jambo hilo lilijulikana. Alipokuwa kijana, ng'ombe wa mama yake alimeza msumari uliochomoka kwenye hori la kununua. Akakonda, akaacha kucheua, akafa na ndama tumboni. Tangu hapo Sifael akaapa kwamba hori lake litatoka kwenye gogo moja la mringaringa na litachongwa kwa tezo tu. Watu wakamcheka kwamba anamaliza magogo ya Mungu. Aliwajibu kwamba Mungu naye alipomuumba ng'ombe hakumtia msumari, na mbona anasimama.

Mkewe alikuwa Aikande. Huyu hakuwa mtu wa maneno mengi, ila alikuwa mtu wa sala. Alisali alfajiri jikoni, amepiga magoti, huku akipuliza moto, kwa hiyo sala yake ilikuwa na vituo: anataja jina la mtoto, anapuliza, anataja jirani mgonjwa, anapuliza. Watoto wake waliamka kwa sauti hiyo miaka yote. Mafiga yake yalikuwa mawe matatu meusi ya mlimani, aliyoyachagua mwenyewe korongoni mwaka alioolewa. Moja lilikuwa na kibonde upande mmoja, na hilo aliliweka daima upande wa upepo.

Aikande alifariki masika, baada ya kuugua kwa muda mrefu. Siku za mwisho alimwambia mumewe kwamba wale watoto wengine wako karibu na wataonana na kusaidiana, lakini Grace ameolewa mbali, tambarare, kwenye jua na mpunga. "Grace usimwache peke yake, baba Ebenezeri," alisema. Sifael akaitikia. Baada ya mazishi alikaa nyumbani tu, tezo limetundikwa, mpaka mwanawe Ebenezeri alipobomoa jiko la zamani ili ajenge la gesi. Hakufanya hivyo kwa ubaya, hata mama yake alikuwa amelibariki wazo hilo. Lakini Sifael alipoona mafiga yametupwa kwenye rundo la vifusi, aliyaokota, akayafunga kwa kitenge cha marehemu, akapanda gari la kwenda Moshi mjini na kutoka hapo akashuka hadi Kahe kwa binti yake.

Grace alimpokea kwa furaha na machozi. Alipoona mafiga alitaka kuyatumia siku ile ile, maana tambarare yote ni udongo na mchanga, jiwe la kuinjikia sufuria ni tabu kulipata, na yeye alikuwa akipikia juu ya matofali yanayopasuka. Baba yake akakataa. Aliyaweka chini ya kitanda chake, na kitenge juu. Grace hakusisitiza. Akaendelea na matofali yake.

Wakati huo Grace na mumewe Primus walikuwa na shida iliyowafika shingoni. Mashamba yote ya upande wao yalinyweshwa na bwawa la Kisumbe, na mdomo wa mfereji ulikuwa umezibwa na tope la mafuriko. Vijana waliposhika makoleo kuuzibua, mmoja aligonga kitu kigumu, akakivuta, na kumbe ni kombora la mzinga, limeota kutu kama mkate ulioungua. Wazee wa Kahe hawakushangaa. Walikuwa wamesikia kwa babu zao kwamba Wajerumani, walipokuwa wakikimbizwa na Waingereza katika vita vile vya kwanza, walitupa majini kila walichoshindwa kubeba. Askari walikuja, wakaliondoa lile moja, wakaweka utepe mwekundu, na amri ikatoka kwamba hakuna kuchimba wala kukanyaga mdomoni mwa mfereji mpaka ijulikane chini ya tope kuna nini. Miche ya mpunga ya Grace ilikuwa tayari kitaluni. Bila maji ingekauka, na Primus alikwisha kusema kwamba msimu huu ukipotea wataacha shamba waende Pasua, Moshi mjini, kupanga chumba na kuuza mitumba. Grace hakutaka Pasua. Shamba lile alilifyeka kwa mikono yake.

Aliyetumwa kupima bwawa alikuwa Yuditha, mwanamke mdogo wa umbo, mzaliwa wa Ukerewe. Alikuja na kifaa kilichofanana na bomba fupi la plastiki, akawaeleza watu waliokusanyika. Alisema dunia nzima ni sumaku moja kubwa iliyotulia, na popote chuma kinapolala, hata kikiwa chini ya maji na tope, kinavuruga utulivu ule. Kifaa chake kinanusa vurugu hiyo. Kinapitishwa juu ya maji kwa mistari, kwenda na kurudi kama mtu anavyolima matuta, na mwisho picha inatoka kuonyesha chuma kiko wapi. Jirani mmoja wa Grace, mzee Filemon, aliyekuwa na ulimi usiopumzika, akauliza kama kinaweza pia kunusa jembe lake lililoibwa. Yuditha akamjibu kwamba kinaweza, lakini mwizi akiwa karibu, naye kitamnusa kwa vifungo vya suruali. Watu wakacheka, na tangu siku hiyo wakampenda.

Tatizo likawa chombo. Mtumbwi wa mpira aliokuja nao ulichanwa na visiki vya migunga vilivyozama bwawani, na mtumbwi wa mbao wa kawaida una misumari, nayo misumari ingepiga kelele kuliko mabomu. Mtumbwi mwingine ungechelewa. Ndipo Grace akasema, akiwa anamimina chai, kwamba baba yake hajui mtumbwi, ila anajua kuchonga gogo bila msumari.

Sifael alikuwa ameacha nyumbani hori moja refu ambalo hakulimaliza. Ebenezeri alilileta kwa lori dogo, na babake akalichonga upande mmoja likapata pua, upande wa pili ukabaki na pembe zake mbili za hori. Yuditha alipoliona alizunguka mara mbili, mkono mdomoni.

"Mimi ni mtoto wa ziwa, baba," alisema. "Nimeona mitumbwi mingi. Huu ndio wa kwanza wenye pembe."

"Hori hili likizama, ng'ombe wa Siha watalia," Filemon akadakia.

Halikuzama, lakini lilipinduka. Lilimwaga Sifael majini pale kwenye kina kifupi, mbele ya watu, akainuka na magugu kichwani, na Filemon akamwuliza kama Walutheri siku hizi wanabatizwa mara mbili. Yuditha akasema chombo ni chepesi mno juu, kinahitaji uzito chini. Sifael aliitikia kwamba atatafuta. Alitembea jioni ile ukingoni mwa bwawa na hakuona jiwe hata la kumpigia ndege. Akarudi chumbani kwake, akainama, akatazama chini ya kitanda.

Kesho yake hori lilitulia kama ng'ombe aliyeshiba. Sifael alikuwa ameyalaza mafiga yale chini kabisa, yamefunikwa kwa kitenge, na juu yake majani makavu ya mgomba, akakaa hapo kama mtu aliyekalia mto. Hakumwambia mtu. Aliona haya, mzee mzima, kuonekana anabeba mawe ya jikoni ya mkewe, na tena Grace angeuliza kwa nini jikoni hayafai na bwawani yanafaa. Filemon alipomwuliza amelifanya nini hori lile, alimjibu kwamba amelisemesha.

Kazi ilianza kwa sala. Yuditha aliwataka wote waache kila cha chuma ukingoni: visu, simu, funguo, mikanda. Sifael alifunga suruali yake kwa kamba ya mgomba. Filemon alivua hata medali ya Bikira Maria aliyoivaa tangu kipaimara, akaikabidhi kwa Grace na kumwomba aishike vizuri, yeye mwenyewe asije akapata ajali akiwa bila mlinzi. Kifaa kilifungwa kwenye ufito uliotangulia mbele ya hori. Primus alivuta kamba ukingo huu, Filemon ukingo wa pili, na Sifael katikati alishika mti mrefu wa kuongozea na kuligeuza hori kila mwisho wa mstari. Yuditha alibaki ukingoni akisoma namba kwenye kompyuta yake, ambazo kifaa kilizirusha hewani.

Sifael aliipenda kazi ile. Maji yalikuwa kimya, korongo weupe walisimama kwenye magugu, na asubuhi mlima ukijifunua alikuwa akiuona mzima, kutoka theluji hadi kijani cha migomba ya kwao. Alizungumza kidogo kidogo huku akisukuma mti. Waliokuwa ukingoni walidhani anasali, na kweli alikuwa anasali, lakini si kila neno lilikuwa la Mungu. Mengine alimwambia Aikande: kwamba Grace amenenepa kidogo, kwamba mpunga wake ni mzuri ukipata maji, kwamba Primus ni mtu mwema ingawa anakata tamaa upesi.

Walipomaliza, Yuditha hakuita mtu. Alikaa na kompyuta yake chini ya turubai muda mrefu. Picha ilikuwa imetoka na milia. Kila mstari wa kwenda umesoma juu, kila mstari wa kurudi umesoma chini, bwawa zima limekuwa pundamilia, na katika milia ile hakuna jicho ambalo lingeweza kusema hapa pana bomu na hapa hapana. Alikagua waya, akakagua kifaa, akarudia mistari michache. Milia ikarudi vilevile. Basi akawaita wote, akawauliza kama kuna yeyote aliyepanda na chuma, hata sindano. Primus akageuza mifuko. Sifael akavua kofia.

"Mwanangu, mbele za Mungu, humo ndani hakuna chuma," alisema. "Chombo nimekichonga mwenyewe."

Yeye alikuwa mzee wa kanisa, na neno lake halikuwa na haja ya shahidi. Yuditha alilipokea. Jioni ile kwa Grace, wakinywa chai, alisema kwa huzuni kwamba basi kifaa kimeharibika. Atakifunga akirudishe Dar es Salaam, kitengenezwe au kije kingine, na hilo si jambo la wiki mbili tatu. Primus aliinuka akaenda kusimama mlangoni, akiangalia upande wa kitalu. Grace naye alishika kikombe bila kunywa. Kisha akauliza, kama mtu anayetafuta wa kumlaumu, isije ikawa ni huu mlima unaokisumbua kifaa.

Yuditha alisema mlima kwa kweli una tabia hiyo. Mawe yake meusi yalitoka kwenye moto, na ndani yake mna punje za chuma zisizoonekana kwa macho. Jiwe la kawaida la korongoni linasumbua kidogo. Lakini jiwe kama hilo likiwashwa moto mkali na kupoa, likawashwa tena na kupoa, zile punje zinajipanga upande mmoja na jiwe lenyewe linakuwa sumaku. Ila hapa, alisema, ni tambarare. Mawe ya mlima yatoke wapi?

Sifael aliweka kikombe chini. Hakuna aliyemtazama. Alisema usiku mwema, akaenda chumbani, na Grace alimsikia akikaa kitandani bila kulala.

Alichokuwa anakipima mle chumbani kilikuwa kizito kwake. Ameapa mbele za Mungu, na kiapo chake, ingawa hakikuwa cha uongo, kilikuwa kimefunga mlango ambao ukweli ungepitia. Na zaidi ya hapo, yale mawe yakitoka kwenye hori, yeye atapanda peke yake. Hilo la pili ndilo lililomkalisha. Lakini neno la Aikande halikusema mafiga usiyaache. Lilisema Grace.

Kulipokucha alitoka nje. Kwenye ua wa Grace palikuwa na shina la isale, lililotoka kihambani, shamba la ukoo wao Siha, kama mche siku ya harusi yake. Sifael alikata jani moja, akalikunja kama wazee walivyomfundisha, akaenda nalo bwawani. Yuditha alikuwa anafungasha. Primus, Filemon na Grace walikuwa wanamsaidia kubeba.

"Mwanangu Yuditha, pokea hili," Sifael alisema, akilinyoosha kwa mikono miwili.

Yuditha alilitazama jani, akamtazama Grace. Grace alikuwa ameshtuka, maana hakuwahi kumwona baba yake akimpelekea isale mtu mdogo kwake. Akamweleza kwamba kwao anayekuja na isale amekuja kuomba msamaha, na hata kama mna damu kati yenu, huwezi kukataa.

Yuditha akapiga goti kidogo, kama wanavyofanya kwao, akalipokea. "Nimesamehe, baba," alisema. "Sasa niambie nimesamehe nini."

Sifael akawaongoza hadi kwenye hori. Akatoa majani ya mgomba, akafunua kitenge. Mawe matatu meusi yalikuwa yamelala pale, masizi bado yamo kwenye vinyweleo vyake. Yuditha alifungua sanduku, akatoa kifaa, akakisogeza karibu, na namba kwenye kompyuta zikaruka kama panzi. Alikizungusha upande wa pili, zikashuka ghafla. Kwenda juu, kurudi chini.

"Yamepikiwa muda gani haya?" aliuliza.

"Tangu nilipomwoa. Sikumbuki siku yalipopoa kabisa."

Filemon, ambaye kila mtu alimtegemea aseme la kuchekesha, aliangalia maji. Grace ndiye aliyesogea, akagusa kile kibonde cha upande wa upepo kwa kidole.

"Baba, kumbe ulikuwa unakwenda na mama majini."

"Peke yangu ningeogopa," Sifael akasema.

Waliyatoa mawe moja moja. Sifael hakutaka kusaidiwa. Aliyabeba mwenyewe kifuani, akayaweka mbali na maji, chini ya mgunga mmoja. Mahali pake ndani ya hori Yuditha aliweka madumu ya plastiki yaliyojazwa maji, maana hata mchanga wa mito ya mlima hakuuamini tena. Hori lilicheza kidogo, likatulia. Sifael akakaa juu ya madumu. Wakaanza upya, mstari baada ya mstari, na safari hii hakuna aliyemsikia akizungumza. Primus alisema baadaye kwamba mkwewe alikuwa analia, lakini mti wake wa kuongozea haukuyumba.

Picha ilitoka safi. Bwawa karibu lote lilikuwa shwari. Palikuwa na alama moja ndogo katikati, ambayo baadaye iligundulika ni plau ya kale, na alama nyingine kubwa, nyeusi, mbele kidogo ya mdomo wa mfereji, upande wa kulia. Katika picha ya kwanza mlia ulikuwa umepita juu yake na kuifunika kabisa. Yuditha alichomeka ufito ukingoni kuonyesha mwelekeo. Grace alipoona ufito umesimama wapi, aliketi chini. Ni pale pale alipokuwa anakanyaga kila asubuhi kuchota maji, kabla ya utepe kuwekwa.

Kabla askari hawajafika, watoto walikwisha kuanza kuuchezea ule utepe mwekundu kama kawaida yao. Sifael alikwenda kwenye ua wa Grace, akakata vipande vya isale, akavipanda kwa mstari kuzunguka mahali pale, nje ya utepe. Wengi wa wakazi wa huko asili yao ni mlimani. Hapakuhitajika mlinzi, kwa sababu hakuna mtoto wa Kichagga anayeruka mpaka wa isale.

Askari walikuja na wazamiaji, wakawahamisha watu, wakafanya kazi yao polepole. Walitoa makombora yaliyokuwa yamepangwa vizuri, kama yalivyopangwa kwenye sanduku ambalo mbao zake zilikwisha kuoza. Wakayapeleka mbali, na mlio wake ulisikika mchana, mzito, ukafuatwa na kimya. Mchungaji aliyekuwa pale akashukuru kwa maneno machache. Kisha makoleo yakaingia kwenye tope, wanaume wakachimba kwa zamu, na mfereji ukakohoa mara ya kwanza, ukatema maji meusi, halafu ya kahawia, halafu yakaanza kwenda. Primus aliyafuata kwa miguu mpaka kwenye kitalu, anatembea nayo sambamba.

Watu walikuwa wengi na wana njaa. Grace alikuwa ameleta sufuria kubwa, ndizi na nyama ya mtori, na matofali yake kwenye toroli. Tofali la kwanza lilipasuka kabla hata maji hayajapata moto. Alisimama akaangalia chini ya mgunga. Hakuomba. Sifael ndiye aliyeinuka.

Aliyaleta mafiga mwenyewe. Akayapanga, akalegeza moja, akalikaza, na lile lenye kibonde akaligeuzia upande wa upepo. Aliomba kiberiti. Kuni zilikuwa mbichi kidogo na zilisumbua, kwa hiyo alipiga magoti, mzee yule, akaegemeza kiganja chini na kuanza kupuliza. Grace alikuwa amesimama nyuma yake na bakuli la ndizi zilizomenywa. Akamsikia anataja jina la Ebenezeri, anapuliza. Anamtaja Primus, anapuliza. Anamtaja Yuditha wa Ukerewe. Kisha akalitaja jina lake yeye. Moto ukashika.

Mzee Sifael alimfuata mkewe mwaka uliofuata, kwa amani, usingizini, akiwa amerudi huku huku kihambani, na amelala kando yake. Hori lake lilirudi Sanya Juu kwa lori lile lile, na ng'ombe wa Ebenezeri wanakula majani humo hadi leo, upande ule wenye pua wakigombania kidogo. Mafiga yako Kahe. Grace hupuliza moto wake alfajiri, mpunga uko nje ya mlango, na wanawe wanasema mama anasali kwa kukatakata.